Cheti kwenye fremu na shule yenyewe: sekondari za binafsi Uganda hupimwa vipi?

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Arua. Binti wa marehemu kaka yangu anamaliza kidato cha kwanza katika sekondari ya binafsi iliyo karibu na nyumbani. Bango la shule linasema imesajiliwa na Wizara, na mwalimu mkuu alinionyesha cheti kilichotiwa kwenye fremu. Sasa jirani ananiambia kwamba wanafunzi wa kidato cha nne mwaka jana walipelekwa kufanyia mtihani katika shule nyingine. Je, shule iliyosajiliwa yaweza kukosa kituo cha mtihani? Na hao wanaosajili, wanapima nini hasa? Nisije nikawa nalipa karo ya bure.

Jibu: Ndugu yangu, salaam, na pole kwa msiba wa kaka yako. Nianze na swali la kwanza kwa sababu jibu lake ni fupi: ndiyo, shule iliyosajiliwa kihalali yaweza kukosa kituo cha mtihani. Kinyume chake pia nimekiona, yaani shule yenye namba ya kituo inayopokea watahiniwa kila mwaka huku leseni yake ikiwa imekwisha muda zamani. Wazazi wengi huchukulia kwamba leseni, usajili, namba ya kituo na ubora wa masomo ni kitu kimoja chenye majina manne. Ukweli ni kwamba kila moja hutolewa au hupimwa na watu wake, kwa wakati wake, na kuwa na moja hakukuhakikishii jingine. Swali lako la pili ndilo refu, nalo nitalijibu kama mtu aliyefundisha kemia kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuzunguka na faili la ukaguzi.

Msingi wa yote ni Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, inayohusu elimu ya awali, ya msingi na ya baada ya msingi. Sheria hiyo inamruhusu mtu binafsi, taasisi ya dini, kampuni au kikundi cha wazazi kuanzisha shule, lakini inawataka wapate kibali na leseni kwanza, na kuendesha shule bila leseni ni kosa. Safari huanzia wilayani. Mwenye shule hupeleka maombi kwa Afisa Elimu wa Wilaya, ambaye sote tunamwita DEO, akiambatanisha ushahidi wa ardhi, ramani za majengo zilizoidhinishwa, taarifa ya afisa wa afya, na orodha ya walimu pamoja na vyeti vyao. Mkaguzi hufika kuona kwa macho yake na kuandika ripoti. Kwa sekondari mambo hayaishii wilayani. Faili hupanda hadi Wizara ya Elimu na Michezo, Kampala, ambako kuna idara maalumu ya shule na vyuo vya binafsi. Shule ikikubaliwa hupewa leseni ya muda ya miaka miwili. Kipindi hicho ni cha majaribio, ambapo mwenye shule anatakiwa kukamilisha yale aliyoahidi kwenye maombi, kisha aombe kukaguliwa upya ili shule isajiliwe.

Mtego wa kwanza uko hapo. Karatasi nyingi nilizokuta kwenye fremu katika ofisi za walimu wakuu zilikuwa leseni za muda, na wenyeji waliziita cheti cha usajili bila hata kupepesa macho. Sitasema wote walidanganya, maana wengine walinunua shule na karatasi zake na hawakuwahi kuzisoma. Leseni na cheti cha usajili vyote vina nembo ya taifa, muhuri na sahihi, na mzazi aliyeketi kwenye kiti cha wageni, mbali kidogo na ukuta, huona nembo tu. Inuka, sogea, usome. Tazama jina la shule lililoandikwa, mahali ilipo, aina ya shule, na tarehe. Aina ya shule ina maana kubwa, kwa sababu shule iliyokubaliwa kuwa ya kutwa ikageuza darasa moja kuwa bweni imetoka nje ya kile ilichoruhusiwa, na vivyo hivyo shule ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliyofungua kidato cha tano kimyakimya.

Jina na mahali vina maana zaidi tangu janga la korona. Kumbuka kwamba shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho wenye shule wengi walishindwa mikopo ya benki, baadhi ya shule zikauzwa, nyingine zikageuzwa nyumba za kulala wageni, na nyingine zikarudi kwa jina jipya katika eneo jipya zikiwa na karatasi za zamani. Niliwahi kufika shule moja, sitaitaja, ambayo cheti chake kilikuwa halali kabisa, ila cha shule iliyokuwa upande wa pili wa mji, iliyokwisha kufa. Mkurugenzi alinieleza kwa utulivu kwamba amenunua "shule nzima", naye kwa maoni yake usajili ulikuwa sehemu ya samani.

Sasa wanapima nini. Chombo chenye jukumu la ubora ni Kurugenzi ya Viwango vya Elimu, iliyo ndani ya Wizara na yenye makao yake Kyambogo. Wakaguzi wa wilaya hubeba zaidi mzigo wa shule za awali na za msingi, na sekondari huangukia Kurugenzi hiyo. Kipimo chao ni kitabu cha masharti ya msingi na viwango vya chini ambavyo kila shule inapaswa kuvitimiza. Naomba uyatazame maneno haya, viwango vya chini. Shule iliyopita katika kipimo hicho imeambiwa kwamba haiko chini ya mstari, na mstari wenyewe umewekwa mahali ambapo mtoto hatadhurika na atapata angalau mahali pa kukaa, mtu wa kumfundisha na kitabu cha kusoma. Ikiwa inapaa juu ya mstari au imeukanyaga kwa vidole vya miguu, cheti hakisemi.

Sehemu kubwa ya ukaguzi wa kwanza ni majengo na usalama, na hapa sina lawama yoyote kwa wanaokaza, kwa sababu kila sharti la namna hiyo lina makaburi nyuma yake. Aprili 2008 bweni la wasichana la shule ya msingi ya Budo liliteketea usiku na watoto wengi wakafa ndani. Novemba 2018 moto mwingine uliua wanafunzi katika bweni la sekondari ya Mtakatifu Bernard, Mannya, kule Rakai. Ndiyo maana mkaguzi akiingia bwenini hukimbilia madirishani kabla ya vitanda: je, kuna nondo zilizochomelewa zisizofunguka? Milango mingapi, inafunguka kwenda nje au ndani, na usiku ufunguo anao nani? Je, nafasi kati ya kitanda na kitanda inatosha mtoto kukimbia gizani bila kujikwaa kwenye masanduku? Kinga ya radi nayo wazazi huiona kama pambo la paa, ila mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 darasani katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, na nyinyi wa Arua mnajua wenyewe mvua za huko zinavyonguruma.

Vyoo nitavisemea kwa kifupi: kipimo kinachotumika nchini ni tundu moja kwa wanafunzi wasiozidi 40, wasichana na wavulana wakitenganishwa, na wasichana wapate mahali pa kujisafishia penye maji na mlango unaofungwa kwa ndani. Hesabu matundu mwenyewe. Usiulize.

Baada ya majengo huja vifaa vya kufundishia, na hapa ndipo mchezo wa kuigiza unapokolea. Nikupe mfano mmoja uliobaki kichwani mwangu. Tuliingia maabara ya shule fulani iliyokuwa ikiomba usajili, tukakuta kila kitu mahali pake: vichomeo vya gesi, mitungi ya asidi yenye lebo, hadubini nne zimepangwa kwenye meza iliyofutwa hadi inang'aa. Mwenzangu akainua hadubini moja aipeleke dirishani penye mwanga. Chini ya kitako chake, kwa rangi nyekundu ya mafuta, palikuwa na herufi tatu za shule nyingine iliyo kilomita sita kutoka pale. Tukageuza zote nne, zote zilikuwa na herufi hizo. Mwalimu mkuu hakusema neno, alitazama tu saa yake, nasi tukaelewa kwamba zilitakiwa kurudi kwao kabla ya saa nane, kipindi cha biolojia cha wenyewe. Tangu siku hiyo sikuingia maabara tena bila kutazama masinki. Sinki lililotumiwa na wanafunzi lina madoa, na bomba lake hutoa maji. Sinki jeupe kama bakuli jipya katika shule yenye miaka mitano linakueleza kwamba kemia ya hapo hufundishwa ubaoni.

Upande wa walimu, sheria inataka anayefundisha awe amesajiliwa kama mwalimu au awe na leseni ya kufundisha. Shule nyingi za binafsi zina walimu wazuri sana, wengine wazuri kuliko wa serikali kwa sababu wanajua wasipofanya kazi watafukuzwa mwezi huohuo. Tatizo ni kwamba ni walewale. Mwalimu mmoja wa fizikia hufundisha shule ya serikali asubuhi, ya binafsi mchana, na nyingine Jumamosi, na jina lake huonekana katika orodha tatu kana kwamba ana miili mitatu. Mkaguzi anayejua kazi yake haridhiki na orodha. Huomba ratiba, daftari la kusaini walimu wanapofika, na daftari la mshahara, kisha huyalinganisha. Jina lililo kwenye orodha lakini halimo kwenye mshahara wa miezi miwili iliyopita ni jina la kuazima, kama zile hadubini.

Kiswahili chenyewe ni kipimo kizuri siku hizi, nami natamani wakaguzi wote wangekitumia. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ulioandaliwa na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala na kuanza kutumika mwaka 2020, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Walimu wa kutosha hawakuwapo, na bado hawatoshi. Kwa hiyo namna shule ilivyolishughulikia somo hili inakuonyesha tabia yake: wapo waliotafuta mwalimu wa kweli na kumlipa nauli kutoka mbali, na wapo waliomwita askari mstaafu mwenye Kiswahili cha kambini akasimame mbele ya darasa, na wapo walioliandika kwenye ratiba tu na kipindi chake kikawa cha kufagia uwanja. Wewe ni msemaji wa Kiswahili, mtoto wako yuko kidato cha kwanza. Fungua daftari lake la Kiswahili leo jioni uone kazi ya mwisho ilisahihishwa lini.

Ukaguzi wa ubora, ule unaofanywa baada ya shule kusajiliwa, unapaswa kuwa wa mara kwa mara, nao hutazama mambo ambayo hayaonekani kwenye picha: uongozi, jinsi bodi inavyofanya kazi, maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, mahudhurio ya wanafunzi na walimu, na juu ya yote kile kinachotokea darasani kwa dakika 40. Mkaguzi mzuri hukaa nyuma, kwenye dawati la mwanafunzi, na hutazama madaftari zaidi ya ubao. Daftari halijui kuigiza. Ukifungua daftari la hesabu ukakuta kurasa ishirini zimenakiliwa kwa mwandiko mzuri bila swali hata moja ambalo mtoto amelikosea na kulirudia, basi mtoto huyo hajafundishwa, amenakilishwa tu. Mwishoni huandikwa ripoti yenye mapendekezo, na shule inatakiwa kuyatekeleza kabla ya ziara inayofuata. Tatizo la nchi yetu ni hiyo ziara inayofuata. Sekondari za binafsi ni nyingi kuliko za serikali, wakaguzi ni wachache, magari ni machache zaidi, na nimeona shule ambazo kati ya usajili wao na ukaguzi uliofuata watoto waliingia kidato cha kwanza wakamaliza cha sita bila kumwona mkaguzi. Cheti kinaendelea kuning'inia, mwalimu mkuu aliyekuwapo ameondoka, maktaba imekuwa stoo ya mahindi, na karatasi haibadiliki rangi.

Nirudi kwenye kituo cha mtihani, kwa kuwa hilo ndilo lililokukosesha usingizi. Namba ya kituo hutolewa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, ambalo lina sheria yake na masharti yake, likitazama kama shule imetambuliwa na Wizara, kama ina vyumba vya kufanyia mtihani, mahali salama pa kuhifadhia karatasi na maabara ya mitihani ya vitendo. Shule mpya, hata iliyo halali, kwa kawaida huanza bila namba, na watahiniwa wake huandikishwa kwenye kituo cha shule nyingine kwa makubaliano yanayojulikana. Jambo hilo peke yake si kashfa. Linakuwa kashfa pale shule inapolificha, kwa sababu huko gizani ndiko pesa za usajili hupotelea. Kila mwaka hatukosi kusikia watoto waliolipa, wakasoma, wakafika asubuhi ya mtihani na kalamu zao, kumbe majina hayakuwahi kufika UNEB. Hivyo usiulize tu, "Mna kituo?" Uliza: watahiniwa wa mwaka jana waliandikishwa kwenye kituo gani, na naweza kuona orodha iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo wa UNEB yenye majina na namba zao? Shule safi itakuonyesha bila kuzunguka.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa mtaala mpya. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, na matokeo yao hayakutegemea mtihani peke yake: asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini endelevu inayofanywa na walimu shuleni, na asilimia 80 mtihani wa mwisho. Alama hizo za shuleni hupelekwa UNEB na shule, na mtahiniwa asiyekuwa nazo anaweza kukosa cheti hata kama amejibu mtihani vizuri. Fikiria sasa shule isiyo na kituo, inayofundisha hapa, inayoandikisha watoto kule. Nani anaweka kumbukumbu za tathmini? Nani anazituma? Mwalimu wa shule mwenyeji, asiyewahi kumwona mtoto, atazitoa wapi hizo alama? Ukipata mwalimu mkuu anayeweza kukueleza njia hiyo hatua kwa hatua na kukuonyesha kumbukumbu za kidato cha tatu za mwaka huu, umempata mtu anayejua kazi. Akikwambia "hayo tunayashughulikia sisi", ondoka na wasiwasi wako ukiwa mzima.

Kuhusu matokeo, najua utayapima kwa sababu kila mzazi huyapima. UNEB haipangi shule kwa mstari wa kwanza na wa mwisho. Magazeti ndiyo hufanya hivyo, na wenye shule hukata ukurasa wakaubandika getini. Kwa kidato cha nne hata zile divisheni tulizozizoea hazipo tena, kila somo lina herufi yake kuanzia A hadi E. Zaidi ya hayo, matokeo mazuri hayana maana bila kujua shule ilianza na watoto gani. Shule inayochukua waliopata jumla ya 4 hadi 8 katika mtihani wa darasa la saba, ambako jumla ndogo ndiyo bora, ikawatoa na A nyingi, imewatunza tu wasiharibike. Shule ya mtaani inayopokea watoto wenye jumla ya 26 au 28, ambao hakuna aliyewataka, ikawatoa wengi wao na C na B, hiyo imefundisha, lakini hutaiona kwenye gazeti. Tena uliza idadi: kidato cha kwanza waliingia wangapi, na kidato cha nne walikaa kwenye mtihani wangapi? Wakiingia 90 na wakafanya mtihani 38, uliza wale 52 walikwenda wapi, maana ipo tabia ya kuchuja wanyonge kabla ya mtihani ili picha ya getini itoke safi.

Huenda unajiuliza kwa nini shule zisizo na leseni hazifungwi mara moja. Hufungwa, mara nyingine kwa kishindo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikataa kuzuia kufungwa kwa shule 63 za awali na za msingi za mtandao wa Bridge, kampuni yenye wafadhili wakubwa wa kigeni, kwa kuwa hazikutimiza masharti ya leseni na viwango. Jina kubwa halikuwasaidia. Hata hivyo, katika wilaya nyingi afisa anayekwenda kufunga shule ya mtaani hukuta watoto mia mbili ambao hawana pa kwenda, diwani amesimama mlangoni, na wazazi wanamuuliza serikali imewajengea nini. Serikali yenyewe iliwahi kuzihitaji shule hizi: baada ya mpango wa elimu ya sekondari kwa wote kuanza mwaka 2007, ililipia wanafunzi katika sekondari teule za binafsi shilingi 47,000 kwa kila mmoja kwa muhula, mpaka ubia huo ulipoanza kuondolewa. Kwa maoni yangu, kufunga shule katikati ya muhula humwadhibu mtoto kabla ya mwenye shule, na ningependa leseni ikaguliwe Januari, kabla karo haijapokelewa. Lakini hilo si uamuzi wangu.

Wewe ufanye nini? Nenda ofisi ya DEO na jina kamili la shule kama lilivyo kwenye ile fremu, uliza kama iko kwenye orodha ya shule zenye leseni au zilizosajiliwa, kwa kiwango gani na tangu lini. Ni haki yako kuuliza, na haigharimu kitu. Atakayekuomba "ya soda" hajakuongezea habari yoyote. Uliza pia kama shule ina namba katika mfumo wa taarifa za elimu wa Wizara, na kama mtoto wako ameingizwa humo na kupewa namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi. Kisha rudi shuleni siku ya kawaida, si siku ya wazazi, saa nne asubuhi, useme umekuja kulipa salio la karo. Wakati wanatafuta kitabu cha risiti, sikiliza. Shule ina sauti yake saa nne asubuhi: sauti ya mwalimu mmoja hapa, ya watoto wakijibu kule, benchi likiburutwa. Kelele moja ndefu isiyokatika kutoka madarasa matatu maana yake ni walimu watatu hawapo.

Ukikuta kwamba shule ina leseni ya muda iliyo hai, walimu wanalipwa, na wanakiri waziwazi kwamba bado wanatumia kituo cha wenzao, mimi nisingemhamisha mtoto. Ningehudhuria kila mkutano na kuuliza maombi ya kituo yamefika wapi. Ukikuta leseni ilikwisha na hakuna maombi mapya, mpe mwalimu mkuu nafasi ya kukujibu kwa maandishi, kwa heshima, na umweke DEO kwenye nakala. Na ukikuta cheti ni cha shule nyingine au cha mahali pengine, usipoteze muda kwa mabishano. Chukua barua ya uhamisho, ripoti za mihula yote mitatu na namba ya utambulisho ya mtoto, umpeleke kwingine kabla ya Februari, mwaka mpya wa masomo unapoanza. Yuko kidato cha kwanza, kwa hiyo kuhama bado ni rahisi. Akishaingia kidato cha tatu, alama za tathmini zikianza kuhesabiwa kwa ajili ya UNEB, kila uhamisho huwa ni kufukuzana na karatasi kati ya ofisi mbili, na mara nyingi karatasi hizo ndizo hupotea.